Ganzi Iliyokawia Kinywani



Ukurasa huu, kama mjuavyo, ni wa mambo ya nyumbani, na aghlabu husema juu ya malezi, usafi na adabu. Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwafike, nalo ni ganzi ya sindano ya jino, khasa ganzi ile ikawiayo kuondoka. Yametusukuma mambo mawili.

La kwanza ni mtoto mmoja wa chuoni petu, umri wake miaka 6. Asubuhi moja aliletwa na mama yake, mdomo wake wa chini umevimba hata umepinduka, na kwa ndani una kidonda kikubwa cheupe. Mama yule alikuwa akilia. "Maalim," akasema, "jana nilimpeleka kung'olewa jino, wakampiga sindano ya ganzi. Leo tazama, mdomo umeoza kwa usiku mmoja. Wamempiga sindano mbovu." Jirani yake naye alikwisha mwambia kuwa lile ni jicho la watu, na kwa hiyo amemleta asomewe. Tulimsomea, kwani kisomo ni kheri. Kisha tukamwambia: "Sasa mrudishe kwa yule yule aliyempiga sindano, umwoneshe." Alikwenda, na tabibu akamwambia jambo ambalo halikumpitikia hata kidogo: mtoto alikuwa ameutafuna mdomo wake mwenyewe. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, naye akaona ni mchezo kuuma kitu kisichouma. Akaula kama aulavyo muwa.

La pili ni habari yetu wenyewe. Wakati tulipokuwa tukimwambia mama yule arudi akaulize, tuliona haya nafsini mwetu. Sisi pia ilitufika ganzi ya jino mwaka uliopita, nayo haikuondoka siku ile wala wiki ile. Wala hatukurudi wala hatukuuliza, bali tuliificha wiki tano nzima. Si haki kumwamrisha mwenzio asilotenda mwenyewe. Basi leo tutaisema habari hiyo, pamoja na yale tuliyojifunza kwa wenye elimu ya meno. Elimu yetu sisi ni ya chuoni na ya darasa saba, hatukusoma utabibu. Lakini kuuliza tumeuliza sana, na tulilolipata tunalileta hapa.

GANZI NI NINI

Katika mwili wa mwanadamu mna mishipa ya fahamu, iliyo kama nyuzi za simu. Kazi ya mishipa hii ni kupeleka habari katika ubongo: hapa moto, hapa baridi, hapa pamechomwa. Habari hupita katika mshipa kwa njia ya chembe za chumvi ziingiazo na kutoka katika vilango vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Dawa ya ganzi huvifunga vilango hivyo. Vikifungwa, habari haipiti. Jino hung'olewa, na ubongo haupati hata barua. Kisha damu huiosha dawa ile kidogo kidogo na kuichukua, vilango hufunguka, na fahamu hurudi. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi mno.

Neema hii si ya zamani sana. Mwaka 1884 tabibu wa macho wa Vienna, jina lake Carl Koller, alionesha kuwa kokaini ikitiwa jichoni huliondolea maumivu. Mwaka huo huo, huko New York, William Halsted alipiga sindano ya kokaini karibu na mshipa wa fahamu wa taya, taya likafa ganzi. Lakini kokaini ni dawa ya kulevya, na Halsted mwenyewe ilimtia katika utumwa wake. Ikabidi itafutwe nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn aliunda prokaini. Na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi aliunda lidokaini, ambayo msaidizi wake Bengt Lundqvist aliijaribu katika mwili wake mwenyewe. Lidokaini ilianza kuuzwa mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo dawa ya ganzi itumikayo sana kwa meno. Wazee wetu wa mwambao nao hawakukosa njia: jino likiuma waliweka karafuu. Hilo nalo si jambo la kuchekwa, kwani mafuta ya karafuu yana dawa iitwayo eujenoli, ambayo hupunguza maumivu, na matabibu wa meno wenyewe huitumia. Ila karafuu haiwezi kulifisha ganzi taya zima ili jino ling'olewe.

KWA NINI TAYA LA CHINI

Huenda msomaji amewahi kujiuliza: Mbona niking'olewa jino la juu ganzi huwa hapo hapo tu, na la chini ganzi huenea mdomo, kidevu na nusu ya ulimi? Jawabu ni hili. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una matundu madogo madogo, kwa hiyo dawa ikipigwa kando ya jino huupenya na kulifika. Ama mfupa wa taya la chini upande wa magego ni mnene na mgumu; dawa haiupenyi kwa urahisi. Basi tabibu hupiga sindano nyuma kabisa, ndani ya kinywa, mahali pale ambapo mshipa wa fahamu huingia katika mfupa. Hapo huyafisha ganzi meno yote ya upande ule pamoja na mdomo na kidevu. Na mshipa wa ulimi hupita jirani kabisa na mahali hapo, nao hushiriki katika ganzi ile.

Ganzi ya lidokaini iliyochanganywa na adrenalini, ambayo kazi yake ni kuibana mishipa ya damu ili dawa isichukuliwe upesi, hukaa katika mdomo na ulimi muda wa saa 3 hadi 5. Ziko dawa nyingine, kama bupivakaini, ambazo hukaa zaidi, hata kufika saa 8 au 12. Kwa hiyo mtu akitiwa ganzi asubuhi na mpaka alasiri akawa hajahisi mdomo wake, asitishike. Lakini akilala na kuamka, na kumepambazuka, na mdomo bado ni kama wa mtu mwingine, hapo amepita mpaka wa kawaida, na yampasa arudi kwa tabibu.

DHARA YA SIKU ILE ILE

Kabla ya kufika kwenye ganzi ikawiayo, tuiseme kwanza ile ya siku moja, kwani ndiyo iwapatayo watoto wengi. Maumivu, ndugu zetu, ni mlinzi. Mlinzi akilala, mwizi huingia. Mtoto hujitafuna mdomo, ulimi au shavu. Mtu mzima hunywa chai ya moto ikambabua asijue. Kidonda cha kujiuma hugeuka cheupe au cha manjano siku ya pili, na mzazi hudhani ni usaha au sumu. Aghlabu si usaha; ni namna ya kidonda cha kinywani kinavyopona, nacho hupona kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi kikiwekwa safi. Mtoto wa chuoni petu alipona, na mdomo wake leo hauna hata kovu la kuonekana. Lakini uvimbe ukizidi, au mtoto akapata homa, au akashindwa kumeza, arudishwe upesi bila ya kungoja kesho.

Dawa ya jambo hili ni mzazi kukaa na mtoto. Apewe chakula kabla ya kutiwa ganzi ikiwa tabibu ameruhusu, ili asishikwe na njaa baadaye. Baada ya hapo asipewe kitu cha kutafuna mpaka mdomo umeamka. Aambiwe kwa lugha yake: "Mdomo wako umelala, usiuume, utaamka na kulia." Na asiachwe alale peke yake bila ya kutazamwa, kwani wapo wanaojitafuna usingizini.

HABARI YETU WENYEWE

Sasa tuje kwenye habari yetu. Tuliumwa na gego la chini upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho. Tulikwenda mahali pa kutibiwa meno, hatutapataja jina, kwa kuwa lengo letu si kumshitaki mtu. Sindano ilipoingia tulisikia kitu kama radi kikipita kutoka shingoni mwa taya mpaka nchani mwa ulimi, tukaruka katika kiti. Tabibu akasema, "Pole, mzee, tulia," akaendelea. Jino lilitoka bila ya taabu, ufizi haukukatwa. Tukapewa pamba ya kuuma na dawa za maumivu, tukarudi nyumbani.

Usiku ukaingia, ganzi iko. Alfajiri tuliposukutua kwa udhu, maji yalikuwa ya baridi upande wa kulia, na upande wa kushoto hayakuwa maji wala si kitu. Tukasema, itaondoka adhuhuri. Ikawa siku ya pili, ya tatu, wiki. Mdomo na kidevu viliamka siku ya kwanza, ila nusu ya ulimi ilibaki imekufa. Chai ya tangawizi ilikuwa na ukali nusu, na nusu haina ladha. Siku moja barazani tulikunywa kahawa, wenzetu wakapuliza, sisi tukaimeza, tuliporudi nyumbani mama watoto akatutazama kinywani akasema, "Maalim, ulimi wako umebabuka. Hukusikia?" Tukamwambia ni kahawa tu. Hatukumwambia la pili.

Msomaji atauliza, ni kitu gani kilichotufanya tufiche? Jawabu lake ni kazi yetu. Sisi tunafundisha Qur'ani. Mwalimu wa Qur'ani hana chombo ila ulimi wake, na kila herufi ina makhraj yake, yaani mahali inapotokea. Herufi ya dhad hutoka katika ubavu wa ulimi ukigusa magego ya juu, na wengi wetu huitoa kwa upande wa kushoto. Upande huo ndio uliokuwa umekufa. Na Suratul Fatiha yenyewe ina dhad mbili katika aya yake ya mwisho, nayo husomwa mara 17 katika sala tano za faradhi za kila siku. Kila tulipoifikia aya ile tulisita. Tulikuwa tukiupeleka ulimi gizani, hatujui kama umefika au haukufika.

Tukaanza kukimbia. Katika msikiti mdogo wa mtaani, tulipoombwa kusalisha, tulisema kifua kinatusumbua, na hilo halikuwa kweli. Chuoni, kazi ya kuwasomesha wadogo matamshi tulimpa mwanafunzi wetu mkubwa, kijana wa miaka 17, tukasema tunampa mazoezi. Katika nafsi tulijiambia kuwa hii ndiyo subira: kulichukua lililokadiriwa na kunyamaza. Na nyuma ya subira hiyo kulikuwa na hofu tu, hofu ya kuambiwa: Maalim amekwisha, hawezi tena kuwasomesha watoto wetu.

Aliyetufungua kinywa ni kijana yule yule. Alituona tukisita. Siku moja, wadogo walipokwisha ondoka, alikuja akaketi mbele yetu kwa adabu, akasema: "Maalim, nisamehe. Ulimi wako una nini?" Tulitaka kumkemea. Kisha tukakumbuka ya kuwa sisi ndio tuliomfundisha kwamba mwenye kuuliza kwa adabu hastahili kukemewa. Tukamweleza. Akafikiri, akasema: "Nisomee, mimi nitasikiliza." Basi mwalimu akamsomea mwanafunzi, na mwanafunzi akainamisha kichwa akisikiliza dhad moja moja. Mwisho akasema, "Herufi iko mahali pake, Maalim. Ni ile ile tuliyoijua." Hatukumsadiki moja kwa moja; tukaenda kwa shekhe mmoja mzee, hodari wa tajwidi, naye akasema vile vile. Ulimi ulikuwa ukifika. Ila sisi hatukuwa tukihisi kufika kwake. Na shekhe yule akatuuliza: "Umekwenda kwa tabibu?" Tukasema, hapana. Akasema, "Basi umeanzia kwangu kwa lipi?"

TULIYOELEZWA NA TABIBU

Hapo ndipo tulipokwenda hospitali kubwa, ikiwa ni wiki ya tano. Alitupokea tabibu wa meno, binti kijana wa kumzaa. Alituambia tutoe ulimi, ukatoka umenyooka. Akasema: "Maalim, mshipa unaoutembeza ulimi ni mwingine kabisa, nao ni mzima. Ulioguswa ni ule wa kuhisi, na pamoja nao hupita ule wa ladha." Likatufahamikia kwa nini herufi ilikuwa sawa ilhali sisi tunaiona imepotea. Lau tungalikwenda siku ya pili, tungaliepukana na wiki tano za dhiki bure.

Kisha akatufumba macho, akatugusa ulimi kwa uzi wa pamba, na kwa ncha butu na ncha kali, akituuliza kila mara: "Hapa? Hapa?" Akachora katika karatasi mpaka wa ganzi, akaandika tarehe. Akasema, "Ukirudi nitachora tena. Mpaka ukirudi nyuma, mshipa unapona. Ukibaki pale pale, tutajua la kufanya."

Tulimwuliza sababu. Akasema ziko kadhaa, na mara nyingi haiwezekani kuijua yenyewe. Huenda ncha ya sindano iliugusa mshipa, na ile radi tuliyoisikia ni ishara yake, ingawa wengi huisikia na wasidhurike. Huenda sindano ilitoboa kijishipa cha damu, damu ikavia na kuubana mshipa. Na huenda dawa yenyewe iliudhuru mshipa. Mshipa wa ulimi ndio upatwao zaidi kuliko ule wa mdomo. Mtu akipanua kinywa, huvutika na kukazika, na hapo huwa hauwezi kuikwepa sindano. Akatwambia pia kuwa katika kung'oa gego la mwisho kabisa, lile lililolala ndani ya ufizi, ganzi ya namna hii hutokea zaidi, kwa kuwa upasuaji wenyewe hufika jirani na mishipa hiyo.

Tukamwuliza, je, ni wengi yawapatao? Akasema ni haba mno. Wataalamu wa Marekani katika utafiti uliotolewa mwaka 2000 walikadiria kuwa madhara ya kudumu hutokea baina ya mara 1 katika sindano kama 26,000 na mara 1 katika sindano kama 160,000 za namna ile ya taya la chini. Na wengi wapatwao na ganzi ya kukawia hupona wenyewe, aghlabu katika wiki 8 za mwanzo; wengine huchukua miezi. Mshipa wa fahamu uliokatika hukua polepole sana, kiasi cha milimita 1 kwa siku. Ama vidonge vya vitamini ambavyo baadhi ya watu huandikiwa, alisema havijathibitika kwa nguvu kuwa huharakisha kupona. Na mtu akifika miezi 3 bila ya kuhisi hata kidogo, au ganzi ikageuka maumivu ya kuunguza, yatakikana apelekwe kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, kwani upo upasuaji wa kuunga mshipa, nao ukicheleweshwa sana manufaa yake hupungua.

Hakutuahidi kupona. Tulitaka atuahidi, naye hakutuahidi. Alituambia tu: "Naona dalili njema, lakini siwezi kukuapia." Siku ile maneno hayo yalitukera, leo tunamshukuru kwa ukweli wake.

Wiki ya saba, tukiwa tunasukutua, tulihisi ubavuni mwa ulimi kitu kama sisimizi wakitembea. Tulidhani ni maradhi mapya. Kumbe ndiyo bishara yenyewe. Mshipa unapoamka huwashawasha na kuchomachoma. Mpaka uliochorwa ukarudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Katika mwezi wa nne ladha ya tangawizi ilirudi. Leo imebaki sehemu moja ndogo, kiasi cha punje ya kunde, ambayo bado imelala. Tunasalisha, tunasomesha, na kahawa tunaipuliza.

SUBIRA SI KUNYAMAZA

Ndugu zetu, tulilotaka kulisema ni hili. Tuliidhulumu subira kwa kuiita jina lake haya yetu. Dini yetu imetuamrisha tujitibu, na mwenye kujitibu hakukataa kudra. Subira ni kuyavumilia yale yaliyobaki baada ya mtu kufanya linalompasa. Ama kukaa na dhara ambayo hukumwonesha anayeijua, huko ni kujidhulumu. Nasi hatukujidhulumu peke yetu: tuliwaongopea maamuma, na mama wa nyumba tukamficha lile ambalo yeye ndiye wa kwanza kustahili kulijua.

Wala msomaji asije akatoka hapa akasema: kumbe sindano ya ganzi ni hatari, afadhali nikae na jino langu bovu. La, sivyo. Jino lililooza na kutunga usaha huweza kueneza maradhi katika taya, shingo na damu, na wapo waliokufa kwalo. Dhara tuliyoisema ni haba, na dhara ya jino bovu ni nyingi. Sisi wenyewe tumekwisha tiwa ganzi tena tangu hapo, kwa jino la upande wa pili.

Na kwa matabibu tunasema kwa heshima: mwambieni mgonjwa kabla ya sindano. Maneno machache yatosha: "Ganzi itakaa saa kadhaa, ikizidi kesho, rudi." Lau tungaliambiwa hayo, tungalirudi. Mama wa yule mtoto lau angaliambiwa "mwangalie asijiume," asingalilia usiku kucha.

MENGINE YA KUJUA

Liko jambo la kutisha ambalo huenda likatokea baada ya sindano ya taya la chini: nusu ya uso hulegea, na jicho likashindwa kufumba. Hii ni kwa kuwa dawa imefika katika mshipa unaoutembeza uso. Tabibu aarifiwe mara moja. Likiwa limetokana na dawa, hupita kwa saa chache, na katika muda huo jicho lifunikwe lisikauke wala lisiingie vumbi. Lakini mtu ambaye uso umemlegea ghafula bila ya sindano, au pamoja na mkono kulegea au maneno kupotea, huyo asichelewe hata nusu saa, apelekwe hospitali. Hicho huenda kikawa ni kiharusi. Na ganzi ya kidevu au mdomo ijayo yenyewe, bila ya jino kuguswa, nayo ina haja ya kutazamwa na daktari.

Wasomaji hutuuliza pia juu ya Ramadhani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, ilikata shauri kuwa kung'oa jino na kulitoboa, na sindano isiyo ya kulisha mwili, hazifunguzi, maadamu mtu amejihadhari asimeze kilichofika kooni. Lakini mwenye ganzi ni vigumu kujua anachokimeza. Basi mwenye kuweza kungoja usiku, na angoje, na mwenye kuumwa sana asijitese.

Kwa kukusanya, tunawausia haya:

1. Mwambie tabibu, kabla ya sindano, maradhi yako na dawa unazotumia. Na ukisikia mshituko kama wa radi ulimini au mdomoni, mwambie hapo hapo.

2. Usitafune wala usinywe cha moto mpaka ganzi imeondoka, na mtoto asiachwe peke yake.

3. Andika saa uliyotiwa ganzi. Ikifika siku ya pili bado ipo, rudi, hata kama hakuna maumivu.

4. Muombe tabibu achore mpaka wa ganzi na aandike tarehe, kisha urudi kama alivyokuagiza. Ukiona imefika miezi 3 bila ya nafuu, uliza habari za bingwa.

5. Mwambie mtu wa nyumbani mwako.

Hili la tano ni jepesi kuliko yote, na sisi lilitushinda wiki tano. Yule kijana wetu sasa ana darasa lake la wadogo, na kila anapowafundisha dhad huwaambia waguse ubavu wa ulimi kwa kidole kwanza, wapajue mahali pake. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Ili siku wakipakosa, Maalim, wajue la kusema."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu upole na ukweli, na atufungue ndimi zetu kwa yaliyo na kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.